Kinga Mlangoni: Kesi za Kashfa Dhidi ya Wanaosema Mambo ya Umma

Hotuba kwa waandishi wa redio za jamii na viongozi wa mitaa, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Nimeombwa nizungumzie sheria ya kashfa, na najua wengi mmekuja na swali moja: nikilisema hili ninalolijua, watanishtaki? Nitalijibu. Lakini kwanza tuelewane juu ya aina moja ya kesi, maana hiyo huziba watu midomo hata kabla jaji hajaliona faili.

Huanza na barua. Inaletwa na kijana wa pikipiki, anakupa daftari utie saini kwamba umepokea. Karatasi ni nzito, juu kuna jina la kampuni ya mawakili, chini muhuri. Inasema kwamba tarehe fulani, katika baraza la chifu au kwenye kipindi cha redio, ulitamka maneno yaliyomharibia jina mteja wao. Una siku saba za kuomba radhi hadharani, kuyafuta maneno yako, kuahidi kwa maandishi kwamba hutayarudia, na kukubali kulipa fidia. Usipofanya hivyo wataenda mahakamani bila kukurejelea tena, na gharama zote zitakuwa juu yako.

Aliyeipokea ni mama anayeuza samaki. Kosa lake ni kusimama barazani na kuuliza kwa nini mfereji unaopita nyuma ya nyumba yake umebadilika rangi tangu kiwanda kifunguliwe. Hana wakili. Usiku huo halali. Mumewe anamwambia, achana na mambo haya, mwenye nguvu mpishe. Wiki ya pili baraza linaitishwa tena, naye hayupo, na majirani zake waliokuwa tayari kuunga mkono wananyamaza wote, kwa sababu habari za ile barua zimeshawafikia. Kesi haijafunguliwa. Hakuna senti iliyolipwa. Na aliyeituma ameshapata alichokuwa anakitaka.

Hiyo ndiyo kesi ninayoisema. Mwenye kuifungua hahitaji kushinda. Anachohitaji ni kesi ikae mahakamani muda wa kutosha wewe uishiwe pesa, uishiwe nguvu, na wenzako waogope. Miaka ya 1980, maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Denver kule Marekani, George Pring na Penelope Canan, walianza kuzichunguza kesi hizi, wakakuta zinawaangukia watu wa kawaida kabisa: waliosaini barua ya malalamiko, walioandikia diwani, waliosimama kwenye kikao cha mipango ya ardhi. Wanasheria huziita SLAPP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kesi za kimkakati dhidi ya ushiriki wa umma. Mimi leo nitaziita kesi za kunyamazisha.

Nataka tukae kidogo Afrika Kusini, kwa sababu huko kesi ya namna hii ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, na yaliyosemwa kule yanaweza kutusaidia sisi.

Watu wa Kwale watanielewa haraka. Mnaujua mchanga wa titani. Ulichimbwa kwenu kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Afrika Kusini nako kuna mchanga wa aina hiyo, katika matuta ya ufukweni, sehemu inayoitwa Xolobeni, mkoa wa Eastern Cape. Kampuni kutoka Australia, Mineral Commodities, ilitaka kuchimba pale. Upande wa pili wa nchi, pwani ya magharibi, kampuni yake tanzu tayari ilikuwa na mgodi wa Tormin. Wakazi wa Xolobeni waligawanyika. Wengi walikataa, wakaunda kamati yao. Machi 2016 mwenyekiti wa kamati hiyo, Sikhosiphi Rhadebe, aliyejulikana kwa jina la Bazooka, aliuawa kwa risasi. Nawatajia hili ili mjue watu waliozungumza baada ya hapo walizungumza katika hali gani.

Januari 2017, wanasheria wawili wa mazingira, Christine Reddell na Tracey Davies, pamoja na mwanaharakati wa pwani ya magharibi, Davine Cloete, walitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Cape Town kuhusu uchimbaji huo. Mihadhara, ndugu zangu. Watu wamekaa kwenye viti kama mlivyokaa nyinyi sasa. Wakashtakiwa kwa kashfa na upande wa kampuni. Walishtakiwa pia wengine watatu, katika kesi zao: Mzamo Dlamini, mwanaharakati wa Xolobeni, Cormac Cullinan, wakili, na John Clarke, ambaye ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Makosa yao yalikuwa mahojiano ya redio, maandishi, barua pepe, video. Jumla ya fidia iliyodaiwa kwa wote sita ilikuwa randi milioni 14.25. Halafu likawekwa jambo moja ambalo naomba mlitazame vizuri: kama hawana pesa hizo, basi waombe radhi hadharani.

Mtu aliyepata hasara ya mamilioni hasemi kirahisi hivyo kwamba msamaha utatosha. Kwangu mimi hapo ndipo kusudi la kesi lilipojionyesha.

Washtakiwa hawakujibu tu kwamba walichosema ni kweli. Walileta utetezi mpya. Walimwambia jaji: kesi yenyewe ni matumizi mabaya ya mahakama, imeletwa kutunyamazisha, isisikilizwe. Kampuni zikapinga, zikasema utetezi wa namna hiyo haupo katika sheria ya Afrika Kusini. Februari 2021, Jaji Patricia Goliath wa Mahakama Kuu ya Western Cape alikubaliana na washtakiwa. Kampuni zikakata rufaa. Tarehe 14 Novemba 2022 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Steven Majiedt, ikasema: ndiyo, utetezi huu upo, na siku zote umekuwa ndani ya ile kanuni ya zamani kwamba mahakama ina uwezo wa kujilinda isitumiwe vibaya.

Lakini mahakama haikufungua mlango wazi kabisa. Ilisema haitoshi kuonyesha kwamba mlalamishi ana nia mbaya. Lazima uonyeshe pia kwamba kesi yenyewe haina msingi wa kutetea haki ya kweli, kwamba mahakama inatumiwa kwa lengo lisilofaa ili kukuumiza kifedha au vinginevyo unyamaze, na kwamba uhuru wako wa kujieleza unavunjwa kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa wale sita walikuwa wameegemea nia peke yake, walipewa siku 30 wakarekebishe utetezi wao.

Hebu hesabuni. Mihadhara 2017. Hukumu hii mwisho wa 2022. Zaidi ya miaka mitano, na bado hawajafika kwenye swali la kama walichosema ni kweli au si kweli. Walikuwa wanabishania tu kama wana ruhusa ya kuutumia utetezi huo. Hawa walikuwa na mawakili wazuri nyuma yao, na wengine wao ni mawakili wenyewe. Yule mama wa samaki angekuwa wapi kufikia mwaka wa pili?

Ndiyo maana naiheshimu sana hukumu ile, na papo hapo nasema haitoshi. Jaji anaweza kutambua utetezi. Jaji hawezi peke yake kuweka utaratibu wa haraka wenye siku zilizohesabiwa. Hiyo ni kazi ya Bunge. Na kinga isiyopatikana mapema, mwanzoni kabisa mwa kesi, si kinga, kwa sababu adhabu yenyewe ni ule muda wa kungoja.

Siku hiyohiyo mahakama ile ilitoa hukumu nyingine kati ya watu walewale, ambayo watu huisahau. Ilisema kampuni ya biashara inaweza kudai fidia ya jumla kwa kuharibiwa jina, lakini kwa kawaida haitaipata pale maneno yaliyosemwa ni sehemu ya mjadala wa umma juu ya jambo lenye maslahi ya umma. Binadamu ana utu unaoumia. Kampuni haina usiku wa kukosa usingizi. Ikiwa imepoteza mauzo, ilete hesabu ya mauzo iliyopoteza.

Sasa, wapi wameweka utaratibu wa haraka? Kalifornia waliweka tangu 1992. Ukishtakiwa kwa jambo ulilosema kuhusu suala la umma, una siku 60 za kuomba kesi itupwe. Ukishapeleka ombi hilo, shughuli za kudaiana nyaraka na kuhojiana zinasimama, na ukishaonyesha kwamba ulichosema kinahusu suala la umma, mzigo unahamia kwa mlalamishi: aonyeshe kwamba kesi yake ina uwezekano wa kufaulu. Akishindwa, kesi inaishia hapo, naye anamlipa wakili wako. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye meno, kwa sababu wakili anaweza kukutetea leo akijua kuna mahali pa kulipwa.

Jimbo la Ontario, Kanada, lilipitisha sheria yake 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilithibitisha kutupwa kwa kesi ya mwekezaji wa ardhi aliyewadai wananchi dola milioni 6 kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa ametoa ushahidi kuhusu madhara ya mradi kwa ardhi oevu na maji. Ulaya walichelewa, na waliamka kwa msiba: mwandishi Daphne Caruana Galizia wa Malta alipouawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake, Oktoba 2017, alikuwa akikabiliwa na kesi zaidi ya 40 za kashfa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 dhidi ya kesi za kunyamazisha wengi wanaiita kwa jina lake.

Nirudi nyumbani.

Hapa hapa Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa 2007. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha madini ya risasi mwilini. Akaanza kusema. 2012 alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko haramu, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Na 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kwake silaha iliyotumika ilikuwa jinai, si kashfa, lakini nawaomba mfikirie mwaka ule wa kwanza, wakati ushahidi alionao ni karatasi za hospitali na watoto wanaokohoa. Kama angenyamaza hapo, mengine yote niliyoyataja yasingekuwapo. Maneno ya mwanzo kuhusu jambo la hatari huwa hayajakamilika. Sheria inayosubiri mwananchi awe na ushahidi wote ndipo aruhusiwe kuuliza, inawalinda wachafuzi.

Katika jinai tumepiga hatua. Februari 2017, katika shauri la Jacqueline Okuta, Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Na Arusha, ambako kuna mahakama mbili zenye uzito kwetu, mambo yalisemwa wazi. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kumwandika mwendesha mashtaka. Ikasema kumfunga mtu jela kwa kashfa ya namna hiyo ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya kashfa kama jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Kwa hiyo polisi wamesogezwa kando kidogo. Kilichobaki ni madai, na hapo mwenye pesa ndiye anayetamba. Kenya, Tanzania na Uganda bado hazina sheria mahususi ya kuzitupa kesi za kunyamazisha mapema. Na Kenya tuna kifungu ambacho mimi nakiona kibaya zaidi ya watu wanavyodhani: kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa. Kinasema ukimsingizia mtu kosa linaloadhibiwa kwa kifo, fidia isipungue shilingi milioni moja. Na kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi, isipungue laki nne. Jaji hawezi kushuka chini ya hapo, hata kama uliyeandika ni mwalimu wa chekechea na waliokusoma ni watu ishirini.

Hapo naomba waandishi wa redio mnisikilize sana. Mtangazaji akisema, "Mkurugenzi huyu ni mwizi wa mali ya umma," ameshataja jinai, na ameshaingia kwenye 16A. Akisema, "Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu inaonyesha malipo yasiyo na stakabadhi, tumemuomba mkurugenzi maelezo mara kadhaa, hajajibu," amewaambia wasikilizaji jambo lilelile zito, na kila neno lina karatasi nyuma yake. Ripoti za haki na sahihi za mijadala ya Bunge na za kesi zilizo wazi mahakamani zina kinga. Maoni ya haki juu ya jambo la umma yana kinga, mradi ukweli unaoyabeba utajwe na uwe kweli. Ukweli wenyewe ni utetezi. Lakini "nimesikia tu" si utetezi, wala kusambaza ujumbe wa mwenzako kwenye kundi la WhatsApp hakukuondoi kwenye lawama. Ukiurudia, umeutangaza wewe.

Na barua ya mawakili ikija? Kwanza, barua si kesi. Usiijibu kwa hasira, usiichane, usipige simu kwa ofisi iliyoiandika ukaanza kujieleza, utakalosema watalinukuu. Andika tarehe uliyoipokea. Kusanya picha, vipimo, kumbukumbu za baraza, majina ya waliokuwepo. Ikija hati ya wito kutoka mahakamani, hilo ni jambo jingine kabisa: ndani yake kuna siku ulizopewa, na ukikaa kimya hukumu inaweza kutolewa bila wewe. Angalieni pia tarehe ya maneno yenyewe, kwa sababu madai ya kashfa Kenya hufunguliwa ndani ya miezi 12. Na mwambieni wakili wenu akumbuke Agizo la 2, kanuni ya 15, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai: mahakama inaweza kuyafuta madai yaliyo ya kipuuzi, ya kusumbua, au yanayotumia vibaya mchakato wa mahakama. Hiyo ndiyo nafasi ambayo ile hukumu ya Novemba 2022 inaweza kuingizwa leo, kabla Bunge halijafanya lolote. Haiwafungi majaji wetu, lakini inaweza kuwashawishi, na ibara yetu ya 33 ya Katiba inafanana sana na kifungu cha 16 cha Katiba yao.

Mtaniuliza: je, wanaoharibiwa majina kweli? Wapo. Nimewatetea. Mwalimu aliyezushiwa kwamba anawadhuru watoto, na si kweli, anapoteza kazi, nyumba na usingizi, na anastahili mahakama yenye nguvu. Ibara ileile ya 33 inatutaka tuheshimu haki na heshima ya wengine. Sitaki sheria ya kashfa ifutwe, na anayewaambia kuwa uhuru wa kusema ni uhuru wa kuzusha anawapoteza. Mwalimu yule hapotezi kitu jaji akimwambia mapema, nionyeshe kwamba kesi yako ina msingi. Ataonyesha asubuhi hiyohiyo. Anayepata taabu na swali hilo ni yule ambaye hakuja kutafuta haki.

Ninachowaombeni mkapeleke kwa wabunge wenu ni sheria fupi. Iseme kwamba anayeshtakiwa kwa maneno juu ya jambo la umma anaweza kuomba kesi itupwe ndani ya siku maalumu, na ombi hilo liamuliwe kwanza, kabla ya lingine lolote. Iseme kwamba mzigo wa kuonyesha msingi uko kwa mlalamishi. Iseme kwamba kesi ikitupwa, mlalamishi analipa gharama zote za wakili wa upande wa pili. Na kifungu cha 16A kiondolewe, jaji aachiwe apime mwenyewe. Msikubali kupewa nusu yake. Sheria yenye ombi la haraka lakini isiyo na gharama itawaacha pale pale, kwa sababu hakuna wakili atakayeweza kukesha na faili lenu.

Na nyinyi mawakili wenzangu mlioko hapa, hasa wadogo mlioapishwa juzi: sheria hiyo itachukua muda, na barua zitaendelea kuja. Mwananchi anaangamia zile siku za kwanza baada ya kupokea hati ya wito, wakati hajui hata sajili ya mahakama iko ghorofa ya ngapi. Siwaombi mbebe kesi nzima bure. Naomba mjitolee hatua mbili tu, kuingia shaurini kwa niaba yake na kuandika utetezi wa kwanza. Daftari liko kwenye meza ile karibu na mlango, kwa mama Rehema. Andikeni jina, simu, na kaunti ndogo mnayoweza kufika kwa siku moja. Kilifi na Tana River ndizo tunazokosa watu kabisa.

Karibuni maswali. Tuanze na akina mama wa upande huu, ambao wamekuwa wakinyoosha mikono tangu nilipotaja mfereji.